Maji Yaliyokosa pa Kwenda

Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku ambaye hakuwahi kusoma usiku. Shule yetu pale Gitega ilipewa jina hilo enzi za amani. Vita vilipokuja na amri ya kutotoka nje, mwalimu akaanza kutufundisha saa nane mchana, ili ifikapo saa kumi na moja kila mtu awe kwao na mlango umekomewa. Jina halikubadilishwa. Kwenye cheti changu kuna muhuri, kuna picha yangu nimenuna kama askofu, na kuna maneno ya Kifaransa yanayothibitisha kwamba nimesoma, usiku, mambo ya mabomba ya maji. Siku ya kukipokea nilivaa suruali nyeusi aliyonishonea baba. Baba alikuwa fundi cherehani katika mtaa wetu wa Waswahili, na mkunjo wa pasi wa suruali ile ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu angeweza kunyolea ndevu.

Kwa cheti kile nikapata kazi ya kumsaidia fundi mmoja Mkongo, mtu wa upande wa Uvira, Mkristo wa kusali kabla ya kushika spana. Alikuwa amekimbia vita vya kwao akaja kujificha ndani ya vita vya kwetu. Kazi ilikuwa Gashoho, mkoani Muyinga: bomba jipya kutoka chemchemi ya juu hadi tangi la kilimani, na kutoka kwenye tangi hadi robine sita za kuchotea maji katika kambi ya watu waliohama vilima vyao. Tuliondoka Gitega na msafara, malori kwa malori, askari mbele na askari nyuma. "Siku nne tu," nilimwambia mama. "Ijumaa nasali hapa." Nilikaa wiki tisa.

Barabara ilifungwa siku ya tatu. Msafara uliotakiwa kuturudisha haukuja, na uliofuata haukuja pia, na baada ya hapo tukaacha kuuliza. Tulilala katika kibanda cha vana, ile koki kubwa ya kufungia bomba, kando ya tangi, chumba chenye ukubwa wa sanduku la bibi arusi, mabomba mawili yakipita katikati ya vichwa vyetu. Fundi akigeuka, nami lazima nigeuke. Chini, kando ya barabara, kulikuwa na kituo cha askari, na mkubwa wao alikuwa kaporali mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyetuwekea mawe. Aliyapaka chokaa akayapanga kuzunguka kilima, kambi na kipande cha bonde. "Ndani ya mawe nakujua," alituambia. "Nje ya mawe sikujui, na bunduki yangu haikujui."

Tatizo la mawe yale ni kwamba yalikuwa yanatembea. Kila tuliposikia milio upande wa mashamba, asubuhi tulikuta kaporali ameyasogeza ndani hatua ishirini, thelathini. Tulianza na kilima kizima. Wiki ya tatu tulikuwa na nusu ya kilima. Nilifika mahali pa kulala nimekunja magoti, nisije nikaamka miguu yangu iko nje na haijulikani.

Pamoja nasi ndani ya mawe alikuwemo bibi mmoja wa bwawa. Alizaliwa Butihinda, akakulia ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa bondeni, na mbele ya nyumba kulikuwa na bwawa la samaki, si kubwa, kama uwanja wa nyumba mbili. Vifaranga vya samaki wale aliviweka yeye na binti yake. Kisha vita vilipofika, binti akachukua watoto akavuka mpaka. Alimwomba mama yake waondoke wote, bibi akakataa. Wakakubaliana jambo moja: samaki hawa hawaliwi mpaka watoto warudi, halafu wataliwa wote kwa siku moja. Tangu hapo bibi alikula viazi vitamu vya shamba lake dogo lililopakana na bwawa, asubuhi viazi, jioni viazi, na samaki wakanenepa mbele ya macho yake bila kuguswa.

Haya yote aliniambia siku aliyopanda kilimani kunigombeza.

Bomba jipya, kwa asiyejua, halinyweki siku ya kwanza. Ndani yake mna udongo, mchanga, vipande vya plastiki, na kila kiumbe kilichoona shimo kikadhani ni nyumba. Kwanza unalisukutua kwa maji matupu, kwa nguvu, kupitia vana ya chini inayotolea uchafu. Tulipolisukutua letu lilitoa tope jekundu kama supu ya maharage, likatoa kandambili moja ya kushoto, na mwisho akatoka chura ambaye naapa alikuwa mkubwa kuliko sufuria yetu. Tope lote lilifuata mfereji hadi bondeni, na mfereji ule mwisho wake ulikuwa bwawa la bibi.

"Mjukuu wangu," aliniambia akihema, fimbo mkononi, "umeniletea udongo kwenye samaki wangu. Sawa, udongo utatulia. Unaleta nini kingine?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Fundi alikuwa ananitazama ninyamaze. Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kufahamiana, na mbele yangu walikuwa wamekusanyika watu wa kambi karibu wote, maana kilimani hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Nikawahutubia. Niliwaambia sasa tutalijaza bomba dawa ya klori, si ile ya kijiko kimoja kwenye ndoo waliyoizoea wakati wa kipindupindu, hapana, dawa yenyewe, baba wa dawa, ya kutosha kuiponya Burundi nzima na kubaki ya kuwapelekea majirani. Itakaa ndani siku moja usiku na mchana, na kila mdudu atakufa hadi ukoo wake.

"Na samaki wangu?" akauliza bibi.

"Samaki wako, bibi, watatoka na meno meupe."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka, lakini alishuka. Fundi alingoja hadi wote walipoondoka.

"Petit," akasema, maana aliniita mdogo kwa Kifaransa, "ile maji ikiingia kwa bwawa, samaki inakufa yote. Haibaki hata moja ya kukuonyesha meno."

"Lakini tuna shimo."

"Iko shimo, bon. Tumalize kuchimba."

Maana hilo ndilo lilikuwa limepangwa. Maji ya klori kali hayamwagwi ovyo. Unayachimbia shimo, unayaacha kwenye jua siku tatu, jua linaila klori yote, kisha yanabaki maji ya kawaida yasiyodhuru hata kiluwiluwi. Shimo letu lilikuwa limefika kiunoni katika uwanda wa upande wa mashariki. Tungelimalizia wakati dawa ikikaa ndani ya bomba. Asubuhi iliyofuata, kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa tayari, fundi akakoroga unga wa klori kwenye tangi, tukafungua robine moja baada ya nyingine hadi harufu ikatoka kote, tukazifunga na kuzikaza kwa waya. Bomba likajaa. Mchana, milio. Ilikuwa karibu kuliko siku zote, tukalala chini kibandani pua zetu zikigusa sementi. Ilipotulia tukatoka, na kaporali alikuwa ameshamaliza kazi yake. Shimo letu, na jembe langu ndani yake, lilikuwa hatua hamsini nje ya mawe.

Na si shimo tu. Kisima cha bondeni ambako kambi nzima ilichota maji, nacho kilikuwa nje.

Sijawahi kuhisi kufungwa kama jioni ile. Watu wamefungwa ndani ya mawe, hawana maji. Maji yamefungwa ndani ya bomba, hayanyweki. Bomba limefungwa juu ya kilima, na upande pekee uliobaki wa kuyamwaga ulishuka moja kwa moja hadi kwenye bwawa. Mkuu wa tarafa akatuma ujumbe: kesho jua lisizame robine hazijatoa maji, mnavyoyamwaga yale ya dawa ni shauri lenu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wenye kiu.

Nilishuka kwa bibi kumwambia ukweli. Nilipanga maneno njia nzima, na nilipofika nikakuta hayahitajiki. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bwawa akiwarushia samaki majani ya viazi yaliyokatwakatwa.

"Mawe yamesogea," akasema bila kugeuka. "Shimo lenu liko nje."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo mtaniletea mimi."

"Sijui, bibi."

"Uliposema meno meupe ulijua?"

"Sikujua. Nilikuwa nasema tu."

"Unasema sana wewe," akasema, taratibu tu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba ni mrefu au mfupi. "Binti yangu naye ni hivyo hivyo. Aliniambia vita ni vya wiki mbili."

Nilirudi juu nikiwa mdogo kama punje ya mtama. Na nikiwa njiani nikapita nyuma ya kituo cha askari, nikaliona handaki.

Yalikuwepo mahandaki mawili. La mbele lilikuwa la kazi. La nyuma walilichimba wiki ya kwanza, refu, la kina cha mtu mzima, na walipolimaliza wakagundua kwamba mtu akisimama ndani na kulenga, analenga jiko lao wenyewe. Tangu hapo lilikuwa tupu, labda askari mmoja mmoja aliyelitumia kukwepa zamu. Na lilikuwa chini kidogo ya vana yetu, pembeni hatua kama themanini. Usiniulize nilivyomwendea kaporali. Miguu ilienda yenyewe, mimi nikafuata.

Alinisikiliza akinyoa kidevu bila kioo.

"We ni wa wapi?"

"Gitega mjini. Kwa Waswahili."

"Mi wa Bukirasazi." Akafuta wembe. "Kwa hiyo we ni jirani yangu, umetoka kwenu mpaka huku, unataka kuwawekea askari wangu bwawa la kuogelea."

"Siku tatu tu, afande. Jua likishaila dawa, nayafungulia yaende."

"Handaki ni la vita."

"Lile linapigana na jiko."

Askari mmoja nyuma yake alikohoa ili asicheke. Kaporali akanisogelea hatua moja. Nilihesabu mbavu zangu, zote zilikuwepo.

"Ukilijaza maji, na kitu kikatokea upande wa nyuma, askari wangu watajificha wapi?"

Niligeuka nikautazama mwitu wa upande ule, na nadhani hilo lilinisaidia kuliko majibu yangu yote.

"Bon," akasema. "Siku hizo tatu, we na fundi yako mutakaa pale pembeni ya handaki, asubuhi mpaka jioni, mukitazama ule mwitu. Mukiona kitu munapiga kelele. We kelele unaijua, nimekusikia jana."

Kesho yake, kulipopambazuka, wanaume na wanawake wa kambi walichimba mfereji wa hatua themanini kwa muda ambao kwetu Gitega mafundi wangekuwa bado wanatafuta kamba ya kupimia. Saa sita fundi akasali, akafungua vana. Maji yakatoka meupe yakinguruma, na harufu ikapanda kilima kizima hadi macho yakatuwasha.

Hapo ndipo maneno yangu yaliponirudia. Niliinua kichwa nikaona watu wanateremka mbio na madumu, ndoo, sufuria, hata mtoto na kopo la maziwa. Miaka yote ya kipindupindu walikuwa wamefundishwa jambo moja, na walilishika vizuri kuliko sala: kabla ya kunywa, nusa ndoo. Ikinuka klori, kunywa. Isiponuka, usiguse. Na leo mfereji ulinuka kuliko ndoo zote walizowahi kunusa, na mimi mwenyewe niliwaambia ni baba wa dawa. Kwa akili zao ningeteremka mbio nami.

"Haya hayanywewi," nikapaza sauti. "Rudini."

"Yemwe, wewe, si ulisema inaponya Burundi nzima?" mama mmoja akaniuliza, dumu lake likiwa tayari mdomoni mwa mfereji. "Sisi ni Burundi gani?"

"Nilikuwa natania."

"Mtu anatania na dawa?"

"Anataka kuwapa askari peke yao," mwingine akadakia. "Si inaenda kwa handaki lao?"

Fundi alikuwa ameshika vana kwa mikono miwili, hawezi kuiacha. Nilijaribu kueleza, Kiswahili, Kirundi, hata Kifaransa cha cheti. Hakuna aliyesikia, na sioni kwa nini wangenisikia. Basi nikakimbia hadi kibandani nikatoa kitu pekee cheusi nilichokuwa nacho. Nilirudi na suruali ya baba, bado na mkunjo wake, nikaishika juu kila mtu aione, kisha nikaitumbukiza mguu mmoja kwenye mfereji na kuukandamiza pale kwa mti.

Nilingoja. Watu nao wakangoja. Nilipoitoa, mguu ule ulikuwa na mabaka ya rangi ya machungwa, na kadiri tulivyoendelea kuutazama mabaka yakazidi kukwajuka hadi yakawa kama nyasi kavu.

"Hii ni suruali," nikasema. "Fikirieni utumbo."

Mama wa dumu aliushika mguu ule, akaunusa, akautazama ule wa pili uliobaki mweusi. Akalifunga dumu lake. "Basi ungesema hivyo tangu juzi," akasema, na wengine wakamfuata wakipanda.

Nilidhani yameisha. Lakini saa tisa fundi akaniita kwa sauti ambayo sikuipenda. Handaki lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na nilipotumbukiza kidonge cha kupimia klori katika maji ya bomba, yakawa ya waridi iliyokoza. Klori ilikuwa bado tele. Nilikuwa nimepiga hesabu mwenyewe, kwa fahari, urefu wa bomba na upana wake, na handaki lilitosha. Tangi nilikuwa nimelisahau. Tangi lilelile nililolala ubavuni mwake wiki tatu, ambalo tulilikorogea dawa kwa mikono yetu, bado lilikuwa na maji hadi nusu. Mimi ninayezidisha kila kitu, mara moja tu maishani nilipunguza, na ikawa siku ile.

"Tunafunga," nikasema. "Tungoje siku tatu hadi handaki lifunguliwe."

"Watu hawana siku tatu," fundi akasema. "Waya ya robine wataikata leo, petit. Na mi nikiwa na mtoto pale, ningeikata."

Tulikuwa bado tumesimama hivyo, yeye na vana, mimi na suruali, bibi alipokuja akipanda na jembe begani. Alikuwa ametazama kila kitu kutoka mlangoni pake.

"Yaliyobaki ni mengi kiasi gani?" akauliza.

Nikahesabu kwanza kwa vidole. "Nusu ya yale yaliyokwishapita," nikasema. Ilikuwa kweli, na ilinikaa mdomoni kama chakula cha mtu mwingine.

"Udongo unaila dawa hiyo?"

"Inaila," fundi akajibu. "Kama haitembei, kama inazama pole pole. Lakini majani iko inaungua, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akashuka. Tulimwona akifika mahali mfereji wa zamani unapoingia bwawani, akauziba kwa udongo na mawe, kisha akaukata ubavu kwa jembe kuelekea shamba lake la viazi. Hapo tulielewa. Nikashuka mbio, na watu wa kambi wakashuka, tukaziba miisho ya matuta ili kila mtaro ushike maji usipitishe. Bibi alituonyesha kwa kidole, hapa, na hapa, na hapa pandisheni zaidi kwa sababu hapa ndipo bwawa lilipo karibu.

Fundi alifungua vana robo tu. Maji yakaingia mtaro baada ya mtaro, yakasimama, yakazama. Mimi nilisimama kwenye tuta la mwisho, kati ya viazi na samaki, nikipiga udongo kwa miguu kila palipoanza kuvuja. Jua likiwa linaelekea mlimani tangi likatoa hewa tupu. Tukalifungulia maji mapya ya chemchemi, tukasukutua tena, nikatumbukiza kidonge, na safari hii maji yakageuka waridi hafifu sana, kama ukucha wa mtoto, kiasi kinachonyweka. Fundi akaenda kukata waya wa robine mwenyewe.

Majani ya viazi yalikuwa ya njano siku ya pili, na siku ya tatu yalikuwa yamelala. Hayo niliyaona kutoka ukingoni mwa handaki, maana mkataba na kaporali ulikuwa mkataba. Siku tatu tuliketi pale, fundi na mimi, tukiutazama mwitu nje ya mawe, na mwitu ukitutazama. Hakikutokea kitu. Nisingependa kueleza jinsi kitu kisivyotokea kwa siku tatu, hata mimi nashindwa kukikuza. Kila tawi lililotikisika nililiona lina kofia.

Siku ya tatu, kidonge kilipoacha maji ya handaki bila rangi, bibi alikuja akibeba sufuria kwa mikono miwili, anatembea polepole isimwagike. Akaiweka mbele yangu. Ndani ya maji alikuwamo samaki mmoja mzima, mnene, anazunguka kwa hasira akigonga ukuta.

"Mshike," akasema.

Nikamshika. Bibi akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akanisogezea usoni.

"Tazama vizuri. Ni meupe?"

"Siyaoni, bibi."

"Mimi pia nimetafuta tangu asubuhi." Akamrudisha kwenye sufuria, akaibeba, akashuka naye bwawani.

Baada ya hapo, kwa kuwa bibi hakuwa tena na viazi, maharage yetu tuliyapika sufuria moja kwa watu watatu, hadi wiki ya tisa barabara ilipofunguliwa. Niliingia Gitega nimevaa suruali ile, mguu mmoja mweusi, mmoja wa mabaka. Baba aliugeuza mguu ule upande huu na ule, akaniuliza ni maji gani yale. Nilimweleza yote kama yalivyokuwa, na hakuamini hata neno moja.